Padre Aliyecheza na Watoto

Jioni watoto wa Handeni na Korogwe watokapo shuleni, wengi huchukua ndoo kwenda kuteka maji. Wengine huingizwa katika masomo ya ziada hata giza. Wachache waonekanao uwanjani wakicheza rede, au wakiunda magari ya waya, huitwa wavivu. Sisi nasi, tulipokuwa wadogo, tulifunga mipira ya matambara kwa kamba za katani, tukachapwa kwa ajili yake. Pengine ndiyo sababu twampenda Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye wengi humjua kwa picha ya ukutani tu.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, Italia ya kaskazini. Hakuwa ametimiza miaka miwili baba yake alipofariki, akalelewa na mama yake Margherita, mkulima asiyejua kusoma. Kwenye magulio aliwatazama sana watembea-kamba na wafanya mazingaombwe, kisha nyumbani akajizoeza, akianguka na kuinuka. Siku za Jumapili alifunga kamba kati ya miti miwili, majirani wakaja kutazama. Lakini kwanza rozari ilisaliwa na mahubiri ya asubuhi yakarudiwa. Asiyetaka kusali alikosa mchezo. Ndugu yake Antonio, wa mama mwingine, hakuona faida ya vitabu kwa mtoto wa jembe. Ugomvi ukazidi hata mwaka 1828 mama akalazimika kumtoa kijana nyumbani, akawe kibarua katika shamba la watu.

Alisoma kwa taabu mjini Chieri, akishona nguo na kutumika mkahawani, akapewa upadre tarehe 5 Juni 1841. Mjini Torino alikuta vijana waliotoka mashambani kutafuta kazi, wakibeba matofali juma zima, na wengine wakiishia gerezani. Tarehe 8 Desemba mwaka ule ule mtunza sakristia alimpiga na kumfukuza yatima mmoja, Bartolomeo Garelli, kwa kuwa hakujua kutumikia Misa. Padre Bosco aliagiza aitwe tena, akaanza kumfundisha. Garelli akarudi na wenzake.

Kundi likawa mamia, nalo likafukuzwa mahali hata mahali kwa sababu ya kelele. Wakubwa wa mji walishuku fitina, na mapadre wenzake wakadhani ana wazimu. Pasaka ya mwaka 1846 ndipo walipopata banda duni huko Valdocco, na kiwanja kando yake. (Wenye kugawa viwanja vya parokia na watazame hapo: banda lilikuwa dogo, kiwanja hawakukiacha.) Palikuwa na shule ya jioni, muziki, maigizo na matembezi ya mbali, naye Padre alikimbia nao akiwa ndani ya kanzu yake.

Mzazi aonaye mchezo kuwa adui wa hesabu na asikie hili. Mwaka 1850 vipimo vya mita na kilo vilipoanza kutumika katika ufalme ule, watu wazima walichanganyikiwa. Padre Bosco alikuwa ametunga kitabu juu yake. Kisha akatunga maigizo ya kuchekesha, ya wauzaji na wanunuzi, vijana wakayacheza jukwaani. Wakajifunza vipimo huku wakicheka, na watazamaji pia.

Shirika la Wasalesiani alilianzisha mwaka 1859; wanawe walifika Tanzania mwaka 1980. Tarehe 10 Mei 1884, akiwa mzee na mgonjwa, aliwaandikia kutoka Roma juu ya ndoto iliyomhuzunisha. Aliona kiwanja cha zamani, vijana wakiruka na kupiga kelele, mapadre kati yao. Kisha akaona kiwanja cha siku zile: vijana wameegemea nguzo kwa uchovu, na walezi wakitembea kando, wakizungumza wao kwa wao. Alifariki tarehe 31 Januari 1888.