Kaisari Nero na Moto wa Rumi

Nero alizaliwa Antium, Italia, mwaka 37 B.K., akawa Kaisari mwaka 54, akiwa na umri wa miaka 16. Mwezi Julai mwaka 64 moto uliuteketeza mji wa Rumi. Kati ya mitaa yake 14, ni minne tu iliyosalimika.

Moto ulipoanza Nero alikuwa Antium. Aliporudi aliwafungulia bustani zake waliounguliwa nyumba. Lakini alipojijengea jumba la kifahari mahali palipoungua, uvumi ulizidi kwamba ndiye aliyeuwasha. Ili kujiokoa akawasingizia Wakristo, kundi dogo lisilo na mtetezi, wakauawa kikatili. Mapokeo ya Kanisa yasema Petro na Paulo waliuawa wakati wa utawala wake. Nero alijiua mwaka 68.

Mwandishi Suetonius alimlaumu Nero. Tacitus hakukata shauri, na wataalamu wangali wakibishana. Lakini hata Tacitus, aliyewachukia Wakristo, alieleza kwamba walisingiziwa.

Wapendwa, nasi tusikiapo mnyonge akitwikwa kosa, tusiharakishe kuitikia. Tuulize kwanza ni nani anayetaka kujiosha.