Takwimu za Aprili zilimficha Lou Gehrig

Kila ufikapo mwezi wa Aprili, mashabiki wa besiboli nchini Marekani hupatwa na homa ya takwimu. Msimu huwa ndio kwanza unaanza, timu zimecheza michezo minane au tisa tu kati ya zaidi ya mia moja na hamsini, lakini tayari jedwali la magazetini limempandisha kijana asiyejulikana juu ya mabingwa wote, na limemzika bingwa mmoja angali hai. Niliishuhudia homa hiyo nilipokuwa nikisomea huko shahada ya uzamifu. Mzee aliyenikodisha chumba alikuwa akinisomea tarakimu hizo asubuhi tukinywa kahawa, kwa makini yale yale ambayo babu yangu aliyatumia kutazama mawingu kabla ya kupanda mahindi. Ufikapo Juni hakuzitaja tena, kwa kuwa nyingi zilikuwa zimeyeyuka.

Katika hesabu hizo zote ipo moja ambayo haijanitoka akilini, nayo ni ya Lou Gehrig, Aprili 1939: michezo 8, zamu rasmi za kupiga 28, mapigo safi 4.

Huenda msomaji hajawahi kuuona mchezo wenyewe. Una ujamaa wa mbali na kriketi. Mrushaji huvurumisha mpira mdogo mgumu, mpigaji akaungoja na gongo la mbao, na akiupiga hukimbilia kituo cha kwanza kati ya vinne. Pigo likimfikisha kituoni salama kwa nguvu zake mwenyewe huandikwa kuwa pigo safi. Anayepata mapigo safi 30 katika kila zamu 100 huheshimiwa, na huko maana yake ni kwamba anayeshindwa mara saba katika kumi ni fundi. Gehrig, katika maisha yake yote ya uchezaji, alipata 34.

Alizaliwa New York tarehe 19 Juni 1903, mwana wa wahamiaji kutoka Ujerumani. Wazazi wake walijaliwa watoto wanne, akabaki yeye peke yake. Baba alikuwa fundi wa mabati asiye na afya ya kutegemewa, hivyo mama ndiye aliyeibeba nyumba kwa kupika na kusafisha katika nyumba za watu. Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani mwao. Mimi kama mwanaisimu siwezi kupita hapo bila kusita kidogo: mtoto huyu aliyekuja kuwa sura ya Marekani yenyewe aliingia shuleni na lugha ya kigeni kinywani, katika miaka ambayo Kijerumani kiligeuka kuwa lugha ya adui. Mama alitaka mwanawe awe mhandisi, naye akaingia Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka wa 1923 akayaacha masomo na kutia saini mkataba na timu ya Yankees, kwani nyumbani fedha zilihitajika.

Nafasi yake ya kudumu aliipata tarehe 2 Juni 1925. Mwenye kituo cha kwanza alikuwa Wally Pipp, mchezaji wa sifa ambaye msimu huo alikuwa ameanza vibaya. Watu hupenda kusimulia kwamba Pipp aliumwa kichwa siku hiyo, akaomba kupumzika, asiipate tena nafasi yake. Hadithi ni tamu, ila ukweli ni mkavu zaidi: timu ilikuwa ikipoteza na kocha Miller Huggins akaamua kubadilisha wachezaji kadhaa kwa mpigo. Pipp aliuzwa kwa timu ya Cincinnati na mwaka uliofuata akacheza vyema tu. Takwimu za mwanzo wa 1925 hazikuwa zimeona kwamba mpira ungalimo mwilini mwake.

Gehrig akasimama pale, asiondoke kwa miaka kumi na minne. Alicheza michezo 2,130 mfululizo, akavusha mpira nje ya uwanja mara 493, akatwaa ubingwa wa taifa mara sita. Hata hivyo, kwa muda mrefu aliishi kivulini. Mwaka wa 1927, alipovusha mipira 47, mwenzake Babe Ruth alivusha 60. Tarehe 3 Juni 1932 alivusha minne katika mchezo mmoja, na siku hiyo hiyo kocha mashuhuri wa timu nyingine ya jijini, John McGraw, akatangaza kustaafu na kuzinyakua kurasa za mbele. Gehrig hakuwa mtu wa kupiga kelele.

Mwaka wa 1938 alipata mapigo safi yapungukayo kidogo 30 kwa kila zamu 100, akavusha mipira 29. Kwa mchezaji mwingine yeyote huo ungekuwa msimu wa kujivunia. Kwake waliuona kuwa ni umri, kwani alikuwa amefikisha miaka 35. Katika mazoezi ya kabla ya msimu wa 1939, huko Florida, wenzake walimwona akijikwaa na kuishiwa nguvu. Kisha ikaja Aprili, na zile zamu 28.

Hebu tuzikague. Chukua mpigaji mzima wa afya, mwenye kawaida ya kupata 30 kwa 100, umpe zamu 28. Kanuni za uwezekano zinatuambia kwamba atapata mapigo safi manne au machache zaidi takriban mara moja katika ishirini. Yaani katika ligi yenye wapigaji wengi, kila Aprili wapo kadhaa wanaoanza hivyo bila ya kuwa na lolote mwilini isipokuwa bahati mbaya. Basi aliyeitazama hesabu hiyo peke yake alikuwa na haki ya kusema tungoje, atapona. Na hesabu hiyo ingeweza kuwa ya mtu yeyote.

Ukizichambua zaidi, unakuta jambo la kutia huzuni. Mara tano Gehrig aliachia mipira mibaya ya warushaji ipite, akapewa kituo cha kwanza bure. Mara moja tu alitolewa kwa kuukosa mpira mara tatu. Macho yalikuwa yakiona na akili ilikuwa ikichagua. Lakini mapigo yote manne yalimfikisha kituo cha kwanza tu, yeye aliyezoea kuuchana mpira hadi ukutani. Alikuwa akiufikia mpira kwa gongo, ila mikono haikuwa na kitu cha kuupa.

Sina ubavu wa kuwacheka walioangalia jedwali la 1939 wakaona uzee. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi aliyekuwa akiongoza darasa langu alianza muhula kwa alama za kusikitisha katika majaribio mawili ya kwanza. Kando ya jina lake niliandika kwa wino mwekundu kwamba ameingiwa na uvivu. Wiki ya tisa mwenzake alinijia ofisini kunieleza kwamba kijana yule alikuwa akipoteza uwezo wa kuona, na kwamba alikuwa akiona haya kusema. Alama nilikuwa nimezijumlisha sawasawa. Lakini kwa wiki nane nilikuwa nikimwona akiinamisha uso hadi kwenye karatasi, nami nikaendelea na somo.

Waliomwona Gehrig ni wenzake. Tarehe 30 Aprili, katika mchezo dhidi ya timu ya Washington, aliudaka mpira uliobingirika kuelekea kituo chake na mpinzani akatolewa. Ni kazi ambayo mchezaji wa ligi ndogo huifanya akipiga miayo, na jedwali liliiandika kama nyingine yoyote. Lakini wenzake walimjia wakimpongeza, na pongezi zile ndizo zilizomvunja moyo, kwani alielewa kwamba wanamhurumia. Siku mbili baadaye, tarehe 2 Mei, timu ikiwa mjini Detroit, alimwendea kocha Joe McCarthy na kumwomba amweke kando kwa manufaa ya timu. Akiwa nahodha, aliipeleka mwenyewe kwa mwamuzi orodha ya wachezaji isiyokuwa na jina lake, kisha akarudi kuketi kwenye benchi. Siku hiyo Yankees walishinda 22 kwa 2. Miongoni mwa watazamaji alikuwemo Wally Pipp, ambaye sasa aliishi katika jimbo hilo la Michigan.

Mwezi Juni alikwenda kupimwa katika Kliniki ya Mayo, mjini Rochester, Minnesota. Majibu aliyapata tarehe 19, siku aliyotimiza miaka 36. Ulikuwa ugonjwa unaoziua seli za neva zinazoiamrisha misuli, ukimwacha mgonjwa na akili yake timamu ndani ya mwili unaozimika. Mfaransa Charcot alikuwa ameueleza katika karne ya 19, na ndio uliokuja kumshika mwanafizikia Stephen Hawking. Wamarekani wengi huuita kwa jina la Gehrig hadi leo.

Tarehe 4 Julai watu zaidi ya elfu sitini walijaa uwanjani kumuaga. Alisimama mbele yao ameinamisha kichwa, akasema kwa maneno machache kwamba anajihesabu mwenye bahati. Jezi yake, namba 4, iliondolewa isivaliwe tena na mwingine, jambo ambalo ligi kuu haikuwa imelifanya kwa yeyote kabla yake. Kisha akakubali kazi aliyopewa na meya wa New York, Fiorello La Guardia, katika tume ya kuamua ni wafungwa gani waachiliwe kabla ya vifungo vyao kwisha. Siku nzima alisoma mafaili ya watu asiowajua na kuwasikiliza, hadi alipokuwa hawezi tena kushika kalamu na ikabidi asaidiwe kutia saini.

Alifariki dunia nyumbani kwake, mtaa wa Bronx, tarehe 2 Juni 1941, ikiwa imetimia miaka 16 kamili tangu siku alipochukua nafasi ya Pipp.