DAKTARI ALIYEFIA WAZOA TAKA: MAISHA YA MARTIN LUTHER KING

Mashujaa hukumbukwa kwa njia nyingi. Wengine hujengewa sanamu, wengine barabara huitwa kwa majina yao, na wengine hupewa sikukuu ambayo watu hulala mpaka jua liwachome machoni. Lakini yuko mmoja ambaye siku yake ikifika, wanafunzi wa vyuo vingi kwao Marekani huamka mapema na kushika mafagio, majembe na brashi za rangi. Huyo ni Martin Luther King. Ukitaka kujua kwa nini, sharti uyafuate maisha yake hadi mwisho.

King alizaliwa tarehe 15 Januari, 1929, mjini Atlanta katika jimbo la Georgia. Babake alikuwa mhubiri wa kanisa la Ebenezer, naye mamake alipiga kinanda kanisani humo. Kwa hivyo hakulala njaa. Hata hivyo, siku hizo sheria za kusini mwa Marekani ziliwatenga Weusi na Weupe. Shule mbalimbali, hoteli mbalimbali, hata mifereji ya maji ya kunywa mbalimbali! Alipofika umri wa kwenda shule, rafiki yake Mzungu waliyekuwa wakicheza pamoja alikatazwa na wazazi wake asicheze naye tena. Kosa lake lilikuwa rangi ya ngozi tu.

Mwaka wa 1944 alijiunga na chuo cha Morehouse, papo hapo Atlanta, akiwa na miaka 15. Hebu fikiria, jamani! Wengi wetu tukiwa na umri huo tulikuwa kidato cha pili tukipigana na ngeli. Mkuu wa chuo hicho, Dkt. Benjamin Mays, aliwafunza vijana wake kwamba msomi asiyewatumikia watu hajasoma. King alihitimu mwaka wa 1948, akasomea uchungaji, kisha akapata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Boston mwaka wa 1955. Katikati ya masomo hayo, mwaka wa 1953, alifunga pingu za maisha na Coretta Scott.

Angeweza kukaa kitako akala matunda ya elimu yake. Lakini tarehe 1 Desemba, 1955, mjini Montgomery alikokuwa mchungaji, mama mmoja mshonaji aitwaye Rosa Parks alikataa kumwachia Mzungu kiti ndani ya basi. Akashikwa na polisi. Weusi wa mji huo wakaamua kuyasusia mabasi, na King, kijana wa miaka 26, akachaguliwa kuwaongoza. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Kwa siku 381, wapishi, yaya, walimu na vibarua walikwenda kazini kwa miguu au wakabebana katika magari ya wenzao. Sisi wa shule ya kutwa tunajua kutembea ni nini, hasa mvua ikinyesha. Lakini zaidi ya mwaka mzima? Hiyo si kazi ndogo.

Januari 1956 nyumba ya King ilirushiwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Bahati nzuri hawakuumia. Watu wenye hasira walifika na silaha tayari kulipiza kisasi, naye akawasihi warudi nyumbani kwa amani. Mwisho wa mwaka huo, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua ubaguzi katika mabasi hayo uishe. Ukaisha.

Kumbe hata sisi Wakenya tuna deni kwake! Mwaka wa 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akiwatafutia vijana wetu nafasi za masomo. King na wenzake walimwandalia karamu ya heshima mjini Atlanta mwezi wa Mei, na baadaye King akakubali kusaidia kumsomesha mwanafunzi Mkenya.

Tarehe 28 Agosti, 1963, watu wapatao 250,000 walikusanyika Washington kudai kazi na uhuru, na hotuba yake ya siku hiyo inasomwa hadi leo. Mwaka wa 1964 alituzwa tuzo ya amani ya Nobel akiwa na miaka 35. Zile pesa, zaidi ya dola 54,000, alizitoa zote kwa harakati za ukombozi.

Sasa tufike mwisho wenyewe. Mwaka wa 1968 wazoa taka wapatao 1,300 wa mji wa Memphis waligoma. Mshahara ulikuwa duni, na wenzao wawili walikuwa wamesagwa na mashine ya lori la taka wakati wa mvua. King, daktari na mshindi wa Nobel, alikwenda kuandamana nao. Huko ndiko alikopigwa risasi tarehe 4 Aprili, akaaga dunia akiwa na miaka 39. Jeneza lake lilibebwa kwa mkokoteni wa mbao, kama ule wa mkulima maskini, kutoka kanisa la Ebenezer hadi Morehouse, ambako mwalimu wake Mays alimwaga kwa heshima.

Iliwachukua Wamarekani miaka 15 kukubali kumpa sikukuu. Sheria yake ilitiwa sahihi mwaka wa 1983, na ikaadhimishwa mara ya kwanza Januari 1986. Mwaka wa 1994 sheria nyingine iliifanya kuwa siku ya kuwatumikia watu. Basi kila Jumatatu ya tatu ya Januari, wanafunzi wa vyuo hupaka rangi madarasa ya shule za watoto, huokota taka mitaani na kupakia vyakula vya wasiojiweza. Mtu aliyefia wazoa taka ataheshimiwaje na watu wanaoona haya kushika fagio?

Swali hilo linatuhusu hata sisi. Katika shule zetu nyingi fagio ni adhabu. Aliyechelewa hufagia, aliyepiga kelele huokota karatasi. Ndiyo sababu wengine humcheka mzoa taka wa sokoni wakidhani naye anaadhibiwa. Naomba chama chetu cha Kiswahili kichague siku moja kila muhula, twende sokoni na mafagio bila kosa lolote, tufanye kazi bega kwa bega na wale wanaoifanya kila siku. Wakituuliza tumekosa nini, tuwaambie habari za King.