Bwana Acheson na Makaa Yaliyozidi Moto

Mwaka mmoja nilikosa minervali nikakaa nyumbani hapa Mutanga Nord, nikimsaidia mama kuuza makaa. Nilidhani masomo yangu yamekwisha. Ndiyo maana maisha ya Edward Goodrich Acheson yalinigusa sana, nami nataka kuwasimulia.

Alizaliwa Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, tarehe 9 Machi 1856. Akiwa bado kijana aliacha shule ili aisaidie jamaa yake, lakini hakuacha kujifunza. Mwaka 1880 aliandikwa kazi na Edison, yule bingwa wa taa za umeme.

Mwaka 1891 alichanganya udongo na koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa, kisha akapitisha umeme. Akapata chembe ngumu zenye kung'aa. Baadaye akaona kwamba tanuru likizidi joto, chembe zile huharibika: silikoni hutoka kama mvuke, na kaboni peke yake hubaki, nyeusi na laini. Mwingine angeitupa. Yeye aliichunguza, akatambua kuwa ni grafiti, kitu kile kile kilichomo katika kalamu zetu za risasi. Mwaka 1896 alipewa hati ya uvumbuzi huo.

Siri ni joto. Katika koki, atomi za kaboni zimekaa ovyo, kama sisi uwanjani kabla ya kengele. Joto likikaribia digrii 3000, hujipanga tabaka juu ya tabaka, na uchafu mwingi hutoka. Makaa ya mama huchomwa kwa joto dogo sana, kwa hiyo hayawi grafiti.

Bwana Acheson alifariki tarehe 6 Julai 1931. Tarehe 2 Desemba 1942, huko Chicago, Enrico Fermi na wenzake waliwasha tanuru la kwanza la atomi, lililojengwa kwa zaidi ya tani 300 za grafiti. Grafiti hupunguza mwendo wa nyutroni. Lakini ikiwa na uchafu kama boroni, nyutroni humezwa na kazi yote huharibika. Hata jirani zetu wa Kinshasa waliwasha tanuru lao mwaka 1959, la kwanza katika Afrika, nalo lilizungukwa na grafiti.

Mimi nimekwisha kurudi darasani. Wewe uliye nyumbani kwa kukosa minervali, endelea kusoma. Bwana Acheson hakukitupa kilichoharibika, nawe usijitupe.