Profesa Piccard, mutu aliyepanda juu na hewa yake mwenyewe

Watoto wanaosoma vitabu vya Tintin wanamujua vizuri Profesa Tournesol, yule musee mwenye kofia na masikio magumu. Wachache wanajua ya kuwa Hergé alimuchora kwa kutazama mutu wa kweli aliyetembea katika barabara za Bruxelles. Jina lake ni Auguste Piccard. Alikuwa murefu sana, na Hergé alimufupisha ili aingie vizuri ndani ya picha.

Piccard alizaliwa Basel, katika inchi ya Uswisi, tarehe 28 Januari 1884, pamoja na pacha wake Jean. Wote wawili walisoma Zürich, na wote wawili walipenda kupanda balo. Hatusemi balo ya kucheza mupira, lakini ule mufuko mukubwa wa kitambaa unaojazwa gazi na kubeba watu. Mwaka wa 1922 alikuja Ubelgiji kufundisha fizike kwenye université ya Bruxelles.

Namna gani balo inapanda? Hewa, hata kama hatuioni, iko na uzito. Chukua sanduku ya mita moja kila upande. Pembeni ya bahari, hewa yake inapima karibu kilo 1.2. Hapa Kolwezi, tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo inapima karibu kilo moja tu. Idrojeni, hata kule pembeni ya bahari, haifiki gramu 100 ndani ya sanduku ile. Tofauti hiyo njo inanyanyua balo, sawa vile maji ya Lualaba inanyanyua mutumbwi. Lakini kadiri unapanda, hewa inakuwa nyepesi, na nguvu ya kukubeba inapungua. Hewa ikipungua, mapafu nayo inakosa kitu cha kuvuta.

Mwaka wa 1927 kapitene mumoja wa Marekani, Hawthorne Gray, alipanda kupita mita 12,000 ndani ya kitunga kisichofunikwa. Oksijeni ilimwishia kule juu. Balo ilirudi, yeye alikuwa amekufa. Piccard alitafuta njia ingine: kufunga watu ndani ya mupira wa aluminium, pamoja na hewa ya chini. Oksijeni ilitoka ndani ya chupa, na dawa ilinyonya ile hewa chafu inayotoka mapafuni.

Feza zilitoka ku FNRS, mufuko wa Ubelgiji wa kusaidia utafiti, ulioanzishwa mwaka wa 1928. Kati ya wakubwa walioanzisha kulikuwa Émile Francqui. Wazee wa Katanga wasishangae jina hilo: ni yule Francqui aliyepita huku kwetu kati ya 1891 na 1893, katika safari moja na Jules Cornet, mutaalamu wa mawe aliyepima shaba yetu. Balo ikapewa jina la mufuko: FNRS.

Tarehe 27 Mei 1931, asubuhi kabla jua kutoka, Piccard na musaidizi wake Paul Kipfer waliondoka Augsburg, Ujerumani. Kwa kofia za kujilinda walivaa vikapu na mito. Mufuko ungeweza kubeba gazi mara tano ya ile waliyotia. Haikuwa kosa: kule juu gazi inavimba, na mufuko uliojaa tangu chini ungepasuka. Kwa nusu saa tu walikuwa wamepita mita 15,000.

Hapo shida ikaanza. Kuko tundu dogo ukutani, na hewa yao ilikuwa inatoka kwa sauti ya nyoka. Piccard aliziba na nyuzi na vazelini. Kisha chombo kimoja kikavunjika, zebaki ikamwangika chini, na zebaki inakula aluminium. Akatumia mupira mudogo uliofungwa kwa robinet ya inje, na ule utupu wa kule juu ukanyonya zebaki yote. Mwisho, kamba ya kufungulia gazi ikanaswa. Bila kamba ile hawakuweza kushuka. Jua lilichoma chuma, kiu ikawashika, wakalamba matone ya ukuta, na oksijeni ilikuwa inapungua saa kwa saa.

Ilibaki kitu kimoja: kungoja. Piccard alijua ya kuwa jua likizama, gazi itapoa, itajikunja, na balo itashuka yenyewe. Njo vile ilifanyika. Usiku walifika juu ya barafu ya milima ya Austria, wazima, wakati watu wengi chini walizani wamekufa. Walikuwa wamefika mita 15,781. Hakuna mutu aliyefika juu vile mbele yao. Mwaka uliofuata, Piccard na Max Cosyns walipita mita 16,000.

Kisha aligeuza sheria ile ile kuelekea chini. Alitengeneza chombo cha kuzama baharini: pahali pa idrojeni alitia esanse, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji, na pahali pa muchanga alitia vipande vya chuma. Vipande vile vilishikwa na sumaku ya umeme. Umeme ukikatika, vinaanguka vyenyewe na chombo kinapanda. Mwaka wa 1953 yeye na mutoto wake Jacques walizama mita 3,150 ndani ya Trieste. Mwaka wa 1960 Jacques na Mumarekani Don Walsh walifika karibu mita 10,900, chini kabisa ya bahari. Musee Piccard alikufa Lausanne tarehe 24 Machi 1962.

Sheria yake inafanya kazi hata ndani ya mashimo yetu. Idrojeni inapanda, lakini gazi karboniki, inayozidi uzito wa hewa mara moja na nusu, inashuka na kulala chini ya shimo. Haina rangi, haina harufu. Mutu anayeshuka anaingia ndani yake kama vile anaingia majini, na rafiki anayeruka haraka kumusaidia anaanguka pembeni yake. Piccard, mbele ya kupanda ao kuzama, alianza kuhesabu hewa ya kurudia. Ba creuseur wetu na mafundi wa mugodi, hesabu hiyo inatuhusu sisi wote, kabla ya kufunga kamba.