Jacob Bernoulli na Mafunzo ya Uyamkini Darasani

Mwalimu anayejiandaa kufundisha hisabati hukutana mapema na maswali ya sarafu na dadu. Maswali hayo ni ya uyamkini, yaani kipimo cha uwezekano wa jambo kutokea. Kanuni yake ni fupi: juu huandikwa idadi ya matokeo yanayotakiwa, na chini idadi ya matokeo yote, iwapo kila tokeo lina nafasi sawa na jingine. Wanafunzi huikariri, hukokotoa na kupata alama. Hata hivyo, wengi hutoka darasani wakiamini yale yale waliyoingia nayo: kwamba sarafu iliyoangukia kichwa mara tano mfululizo ina deni la kuangukia upande wa pili, na kwamba mama aliyezaa mabinti watatu sharti wa nne awe mvulana, la sivyo ana kasoro.

Imani ya pili si jambo la mzaha. Huku kwetu Turwa, na kote Tarime na Serengeti, tunajua uzito wa neno mrithi, na tunajua jinsi mwanamke asiye na mtoto wa kiume anavyoweza kusimangwa. Kwa hiyo somo hili halistahili kuishia kwenye kanuni. Katika makala hii tutaeleza maisha ya Jacob Bernoulli, mwalimu wa hisabati aliyefariki zaidi ya miaka 300 iliyopita, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo kanuni yetu fupi haiwezi kulijibu. Kisha tutaonyesha jinsi swali lake linavyoweza kuingizwa darasani kwa zana zinazopatikana kijijini.

Ujana na masomo yake

Bernoulli alizaliwa mwezi Januari, 1655, katika mji wa Basel, nchini Uswisi. Ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara waliotoka Antwerp wakikimbia mateso ya kidini. Baba yake alitaka awe mchungaji. Kijana alitii, akasoma falsafa na theolojia katika chuo kikuu cha mji wao, akamaliza theolojia mwaka 1676. Lakini wakati huo huo alijifunza hisabati na elimu ya nyota kinyume cha matakwa ya baba yake.

Alipomaliza masomo alikwenda Geneva kufanya kazi ya ualimu wa nyumbani. Huko alimfundisha kuandika binti mmoja aliyekuwa kipofu tangu uchanga, Elisabeth Waldkirch. Jambo hili twapaswa kulitilia maanani sisi walimu. Mtu ambaye baadaye angehesabiwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa Ulaya alianza kazi kwa kutafuta njia ya kumfikishia elimu mwanafunzi ambaye njia za kawaida zisingemfaa.

Baadaye alisafiri Ufaransa, Uholanzi na Uingereza, akakutana na wataalamu wa zama zake. Aliporudi Basel alianza mwaka 1683 kutoa mafunzo ya fizikia kwa njia ya majaribio, na mwaka 1687 akawa profesa wa hisabati. Kazi hiyo aliishika mpaka kufa kwake. Alimfundisha hisabati mdogo wake, Johann, aliyezaliwa mwaka 1667. Mwanafunzi huyo akapanda hadi kumfikia mwalimu wake, na hapo ndipo fitina ilipoingia. Ndugu hao wawili walishindana hadharani katika majarida ya kitaaluma, na uhasama wao haukuisha.

Mtu aliyejifunza kwa maswali

Bernoulli hakuanza elimu ya uyamkini kutoka hewani. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, walikuwa wameandikiana barua juu ya jinsi ya kugawa fedha za mchezo uliokatizwa kabla ya kumalizika. Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens alitoa kijitabu juu ya hesabu za michezo ya bahati, na mwishoni aliacha maswali matano kwa ajili ya wasomaji. Bernoulli alikichukua kijitabu hicho kama mwanafunzi mwenye bidii achukuavyo kitabu cha mazoezi. Alikipitia hatua kwa hatua, akaongeza maelezo yake, na yale maswali matano akayafanyia kazi.

Kisha akaanza kutunga maswali yake mwenyewe. Mwaka 1685 alitoa katika jarida moja la Ufaransa swali juu ya wachezaji wawili wanaopokezana dadu, akawaalika wasomaji walijibu. Ilipofika mwaka 1690 alitoa jibu mwenyewe. Katika kitabu chake kikubwa, sehemu ya tatu yote ni maswali 24 yaliyotatuliwa.

Mwanafunzi wetu asifadhaike akikosea katika mazoezi ya namna hii. Gottfried Leibniz, mmoja wa wavumbuzi wa hisabati ya juu na rafiki wa Bernoulli kwa barua, aliamini kwamba ukirusha dadu mbili, kupata jumla ya 12 ni rahisi sawa na kupata jumla ya 11. Alihesabu kwamba kila jumla hupatikana kwa namna moja tu. Lakini dadu ni mbili. Jumla ya 12 hupatikana pale zote mbili zinapoonyesha 6, ilhali jumla ya 11 hupatikana ya kwanza ikiwa 5 na ya pili 6, au ya kwanza 6 na ya pili 5. Katika namna 36 zote, moja ni ya 12 na mbili ni za 11. Mwalimu apake dadu moja rangi nyekundu na nyingine aiache nyeupe. Ndipo wanafunzi watakapoona kwa macho kile ambacho Leibniz hakukiona.

Swali la chungu

Sasa tufikie swali lenyewe. Katika sarafu na dadu, tunajua idadi ya matokeo kabla hatujarusha. Je, tufanyeje pale tusipoweza kujua? Nani awezaye kuhesabu magonjwa yote yanayoweza kumpata mtu, ili aseme ataishi miaka mingapi? Bernoulli aliona kwamba mambo mengi ya maisha ni ya namna hii, na kanuni ya michezo haiyafikii.

Alitoa mfano wa chungu chenye vijiwe vyeupe 3,000 na vyeusi 2,000. Mtu asiyejua kilichomo anachota kijiwe kimoja bila kutazama, anaandika rangi yake, anakirudisha na kuchota tena. Hata mtu asiyesoma hukisia kwamba akichota mara nyingi ataukaribia uwiano wa kweli wa tatu kwa mbili. Bernoulli hakuridhika na kukisia. Alitaka kuthibitisha kwa hisabati kwamba kadiri machoto yanavyoongezeka, ndivyo uwezekano wa kuwa karibu na ukweli unavyoongezeka, hata ufike kiwango chochote cha uhakika tunachokitaka.

Kazi hiyo aliishughulikia kwa takriban miaka 20, mpaka akaupata uthibitisho. Leo twauita kanuni ya idadi kubwa. Hakuishia hapo, bali alikokotoa pia idadi. Ili matokeo yawe kati ya 29 na 31 katika kila 50, kwa uhakika wa 1,000 dhidi ya 1, alipata kwamba yatosha kuchota mara 25,550. Wataalamu waliomfuata walionyesha kwamba hata idadi ndogo kuliko hiyo yatosha, lakini njia aliifungua yeye.

Leibniz alimpinga kwa barua mwaka 1703. Alisema kwamba maisha si chungu, kwani magonjwa mapya huzuka, na hesabu ya vifo vya jana haiwezi kuiwekea mipaka kesho. Bernoulli alijibu kwamba mwili wa binadamu nao waweza kufananishwa na chungu, na kwamba yakizuka mambo mapya, basi ni wajibu wetu kuhesabu upya. Alikuwa akitafuta takwimu za vifo ili aijaribu kanuni yake, lakini hakuzipata. Alifariki tarehe 16 Agosti, 1705, akiwa na umri wa miaka 50, na sehemu ya nne ya kitabu chake haijamalizika.

Kwa sababu ya ule uhasama wa kifamilia, maandishi hayo yalikaa miaka minane. Kitabu, chenye jina la Kilatini Ars Conjectandi, kilitolewa Basel mwaka 1713, na dibaji yake iliandikwa na Nicolaus Bernoulli, mtoto wa ndugu yake mwingine. Mwaka huo huo Nicolaus alikuwa akichunguza kumbukumbu za watoto waliozaliwa London kwa miaka 82, kuanzia 1629 hadi 1710. Kila mwaka wavulana walizidi kidogo. Alionyesha kwamba hesabu hizo zinalingana na mtu anayerusha dadu yenye pande 35, ambazo 18 ni za mvulana na 17 za msichana. Takwimu zilizomkosa marehemu sasa zilikuwa zimeanza kusema.

Kibuyu darasani

Tutamfuataje Bernoulli katika shule ya msingi? Hesabu kamili za uyamkini hufundishwa sekondari, lakini mizizi yake ni sehemu, uwiano na takwimu. Kwa hiyo twaweza kuanza mapema.

Mwalimu atie ndani ya kibuyu punje 30 za mahindi na 20 za maharage, zinazokaribiana kwa ukubwa, wala asiwaambie wanafunzi idadi. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi. Kila kikundi kichote punje moja, kiandike, kiirudishe, kitikise kibuyu na kuchota tena, mpaka kitimize mara kumi. Matokeo yaandikwe ubaoni. Kikundi kimoja kitapata mahindi manne, kingine manane, kingine sita. Mwalimu asiharakishe kusahihisha. Awaulize: kikundi gani kimesema kweli? Waachwe wabishane. Kisha wajumlishe matokeo ya vikundi vyote na kuona jumla inavyoelekea tatu ya tano. Mwisho kibuyu kimiminwe mezani na punje zihesabiwe.

Darasa lenye wanafunzi 40, kila mmoja akichota mara 50, hupata machoto 2,000. Ili kuifikia idadi ya Bernoulli, kila mwanafunzi angepaswa kuchota mara 639. Hili nalo ni zoezi zuri la kugawanya, na humfundisha mtoto kwamba uhakika una gharama.

Hapa pana mtego ambao mwalimu asipouangalia ataharibu somo zima. Kanuni ya idadi kubwa haisemi kwamba sarafu hulipa deni. Tuseme imeangukia kichwa mara 10 mfululizo. Tukiirusha mara 1,000 zaidi, twatarajia vichwa kama 500. Jumla itakuwa vichwa 510 katika 1,010, yaani zaidi ya nusu kidogo tu. Vile vichwa 10 havikufutwa. Vimemezwa na wingi, kama chumvi ya kiganja iliyotiwa pipani. Sarafu haina kumbukumbu. Kijana anayeweka fedha katika michezo ya kubahatisha kwa kuwa ameshindwa mara nyingi, akidhani sasa ni zamu yake, ameshindwa kutofautisha mambo haya mawili.

Familia yenye mabinti

Twarudi kwenye jambo tuliloanza nalo. Mwalimu awape wanafunzi wakubwa zoezi hili: familia ina watoto watatu, andikeni mipangilio yote inayowezekana, V ikiwa mvulana na S msichana. Watapata minane: VVV, VVS, VSV, SVV, VSS, SVS, SSV na SSS. Tukichukulia kwamba nafasi ya mvulana na ya msichana ni karibu sawa, basi familia yenye mabinti watupu ni moja katika nane. Katika familia 800 za watoto watatu, twatarajia kama 100 ziwe na mabinti watupu, na kama 100 nyingine ziwe na wavulana watupu. Hakuna aliyekosea, wala hakuna aliyelaaniwa.

Kisha aulize: mama mwenye mabinti watatu akipata mimba ya nne, uyamkini wa mvulana ni kiasi gani? Ni karibu nusu, kama ilivyokuwa mara ya kwanza. Uzazi haudaiwi. Aidha, sayansi imethibitisha kwamba jinsia ya mtoto huamuliwa na mbegu ya baba. Kwa hiyo anayemsimanga mama amekosea mara mbili, katika hesabu na katika elimu ya viumbe.

Somo hili lahitaji busara. Jamii yetu ya Wakurya ina mila ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mke ili nyumba yake isikose mrithi, na wazee wana sababu zao katika mila hiyo. Mwalimu hakutumwa kuwahukumu wazazi mbele ya watoto wao. Asitaje familia ya mwanafunzi yeyote, wala asiwaombe watoto wahesabu ndugu zao hadharani. Atumie familia za kubuni, au wanafunzi warushe sarafu tatu kwa pamoja mara 80 na kuhesabu ni mara ngapi zimeangukia upande mmoja zote. Hesabu ikieleweka, mtoto ataibeba mwenyewe hadi nyumbani.

Bernoulli alikufa bila kuziona takwimu alizozitamani. Sisi tunazo punje, sarafu na wanafunzi wengi. Mwalimu mwanafunzi anayekwenda mazoezini muhula ujao aandae kibuyu chake kabla ya kuandika kanuni ubaoni, kwani mtoto aliyekwisha kuona wingi ukiumba uwiano mbele ya macho yake ataielewa kanuni itakapofika.