Mbaraka Mwinshehe: rumba ya Kongo au muziki wa dansi?

Zaidi ya miaka 40 tangu Mbaraka Mwinshehe afariki dunia, wapenzi wa nyimbo za zamani bado wanabishana: muziki wake uitwe nini? Wapo wanaosema ni rumba ya Kongo iliyoimbwa kwa Kiswahili. Wengine wanashikilia kuwa ni muziki wa dansi wa Tanzania. Na kwa kuwa bendi iliyomtoa iliitwa Morogoro Jazz, wapo wanaouhesabu kuwa jazi.

Kwa watu wa Munigi, Goma na Kivu kwa jumla, ubishi huu si wa mbali. Hapa Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na nyumbani, lakini rumba iliyotamba kutoka Kinshasa iliimbwa zaidi kwa Kilingala. Gitaa la Mbaraka lilikuwa na ladha wanayoijua, na maneno yake hayakuhitaji mkalimani.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944 Mzenga, Kisarawe, katika Pwani ya Tanzania. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, akawa mpiga gitaa la solo, mtunzi na mwimbaji wake mkuu. Mpinzani wao mjini Morogoro alikuwa Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah aliyefariki mwaka 1965.

Majina hayo mawili yana sehemu ya jibu. Neno jazi, kama lilivyotumika pia kwa OK Jazz ya Franco, lilimaanisha bendi ya kisasa ya magitaa na ala za kupuliza, si muziki wa Wamarekani weusi. Nalo jina la Cuban linakumbusha sahani za santuri kutoka Cuba, zilizosikilizwa Kinshasa na pia Afrika Mashariki. Wanamuziki wa pande zote mbili walichota katika kisima kimoja.

Hata hivyo, ushawishi wa Kongo kwa Mbaraka hauwezi kukanwa. Mtindo mmoja wa Morogoro Jazz uliitwa Likembe, jina la ala ya kupigwa kwa vidole gumba inayojulikana sana Kongo. Mwenyewe alitunga wimbo Nisalimie Wanazaire, salamu ya wazi kwa majirani.

Lakini alichokisimulia kilikuwa cha kwao. Safari yake ya Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970 ilizaa wimbo Expo 70. Dokta Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi mwaka 1971, Mbaraka alimwimbia. Katika Shida aligusa maisha ya mtu wa kawaida, na wimbo huo ukapendwa kote Afrika Mashariki.

Mwaka 1973 aliachana na Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, jina ambalo wakazi wa Munigi, wanaoishi chini ya Nyiragongo, hawahitaji kufafanuliwa. Bendi hiyo ilikuja na mtindo wake, Masika. Ndivyo zilivyokuwa bendi za Tanzania: kila moja ilikuwa na mtindo wenye jina, na shabiki aliitambua kwa huo kabla ya kuuliza kama ni rumba au cha-cha.

Januari 12, 1979, Mbaraka alifariki kwa ajali ya barabarani Mombasa, Kenya, akiwa na miaka 34. Baada ya kifo chake nyimbo zake zilikusanywa katika mfululizo wa albamu za Ukumbusho.

Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, kwa ombi la Kongo mbili. Heshima hiyo inastahili, lakini imefanya swali la zamani kuwa zito zaidi: kila gitaa tamu likiitwa rumba ya Kongo, bendi za Morogoro, Tabora na Dar es Salaam zitabaki na nini?

Mapigo ya rumba yamo katika muziki wa Mbaraka. Lakini mtindo, hadithi na Kiswahili chake vinamweka kwenye muziki wa dansi. Mkongo anaweza kumpenda bila kumhamisha kwao. Naye Mtanzania hapungukiwi kitu akikubali kwamba jirani alimfundisha Mbaraka baadhi ya nyuzi.